Simu Isiyo na Ukingo Mkononi mwa Askari

Kabezi ni mahali ambapo barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge yapita karibu kabisa na maji ya Tanganyika. Alfajiri, mitumbwi ya ndagala irejeapo na taa zake zimekwisha zimwa, ufuko hujaa watu: wavuvi, akina mama wenye mabeseni, vijana wa baiskeli, na pamoja nao polisi na askari walio zamuni. Ilikuwa hapo, asubuhi moja ya kiangazi, tulipomwona kaporali mmoja kijana akitoa mfukoni simu aliyoinunua juma lililotangulia. Ilikuwa ya aina hii mpya ambayo uso wake wote ni kioo, toka pembe hadi pembe, na ubavuni kioo kimepinda kama maji yanayomwagika. Wenzake wakamzunguka wakaisifu, na kwa haki, maana kilikuwa kitu kizuri. Akaiinua apige picha ya mtumbwi uliojaa. Mikono yake ilikuwa imelowa kwa sababu alikuwa amewasaidia wavuvi kuvuta kamba. Simu ikateleza, ikaanguka kwa ubavu juu ya jiwe, kutoka kimo kisichofika kifuani. Kioo kikapasuka upande mmoja hadi wa pili. Kijana hakusema neno. Baadaye tulisikia kwamba deni la simu ile lilikuwa halijalipwa hata nusu.

Hatuyaandiki haya kwa kumcheka kijana wetu, wala kwa kuyakataa maendeleo. Twaandika kwa kuwa twaona simu hizi zikizidi kuingia kambini na katika vituo vya polisi, na kila mara twasikia zikisifiwa na wauzaji, ambao hawajapata kukaa lindoni usiku hata mara moja. Yafaa basi watu wa silaha nao wajiulize: kitu hiki chatufaa sisi, kwa kazi yetu na kwa mshahara wetu?

Kwanza tuseme mambo yalivyofika hapa. Simu za zamani zilikuwa na ukingo mpana pande zote, na chini yake vitufe. Mwaka 2014 kampuni ya Samsung ilitoa simu iliyopinda kioo upande mmoja, ikiitwa Galaxy Note Edge. Oktoba 2016 Xiaomi wa China wakatoa Mi Mix, iliyoondoa ukingo wa juu na wa ubavuni, kamera ya mbele ikahamishiwa chini. Novemba 2017 Apple nao wakaanza kuuza iPhone X, wakakifuta kile kitufe cha duara ambacho watu walikuwa wamekizoea kwa miaka 10. Tangu hapo ikawa mashindano. Mmoja aliificha kamera ndani ya mwili wa simu ikachomoza kama kichwa cha kobe, mwingine akatoboa tundu katikati ya kioo, na kila mmoja akidai kwamba amemshinda mwenzake kwa nusu ya milimita.

Katika madai hayo msomaji awe na tahadhari. Xiaomi walisema kwamba kioo cha Mi Mix kilichukua asilimia 91.3 ya uso wake. Waliochukua rula wakapima wakapata karibu 84. Na hizi simu za bei nafuu tuzionazo katika masoko yetu, hata zikipewa jina la kioo kitupu, mara nyingi zina kidevu chini. Sababu yake si uvivu wa mtengenezaji. Kioo cha bei nafuu hakitoi nuru chenyewe, huangaziwa na taa iliyo nyuma yake, na nyaya zake zahitaji mahali pa kukaa pale chini. Kile cha ghali hutoa nuru katika kila nukta yake, nacho hutengenezwa juu ya utando mwembamba uwezao kukunjwa, hata nyaya zikafichwa mgongoni. Kwa hiyo mwenye kutaka simu isiyo na ukingo kwa kweli, na si kwa maneno ya dukani, hana budi kulipa fedha nyingi.

Sasa tuzitendee haki simu hizi, kwa kuwa faida zake si ndogo. iPhone X ilikuwa na kioo cha inchi 5.8 katika mwili mdogo kuliko ule wa iPhone 8 Plus, ambayo kioo chake kilikuwa cha inchi 5.5. Yaani mtu alipata dirisha kubwa zaidi katika nyumba ndogo zaidi. Kwa raia jambo hilo ni anasa; kwa askari ambaye mifuko yake ina mambo mengine ya kubeba, lina maana. Ramani ya milima iliyo juu ya Kabezi, yenye mabonde yaliyobanana vile, haisomeki katika kioo cha ukubwa wa sanduku la viberiti. Amri iliyopigwa picha ikatumwa, orodha ya magari yanayotafutwa, picha ya mtoto aliyepotea ambayo polisi wa barabarani huonyeshwa ili amtambue, yote hayo yataka kioo kipana.

Tena kuna jambo la nyumbani. Wenzetu waliotangulia Mogadishu kuanzia Desemba 2007 walikuwa na simu za vitufe. Sauti ya mke ilikatikakatika, na mtoto aliyezaliwa nyuma yao walimjua kwa kuelezwa. Leo baba aliye mbali amwona mwanawe akijaribu kusimama, uso wote, bila ukingo wa kumkata kichwa wala miguu. Asiyepata kukaa mwaka mzima nje ya nchi asilibeze jambo hili. Faida za michezo na sinema twaziacha. Kila mtu azijua.

Hata hivyo, ukingo ule uliofutwa haukuwa pambo. Ulikuwa na kazi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupokea pigo. Simu iangukapo, ni nadra iangukie uso mzima. Hutangulia pembe au ubavu. Palipokuwa na chuma au plastiki iliyoinuka kidogo, pigo liliishia hapo. Pasipo na ukingo, jiwe hukutana na kioo moja kwa moja, na kioo, hata kikiitwa kigumu namna gani, ni kioo. Kikisha kuvunjika, kile kilichopinda hakitengenezwi kama kile cha bapa. Kioo cha juu na utando wa picha chini yake vimegandishwa pamoja, hivyo mara nyingi hubadilishwa vyote, na fundi wetu wa sokoni Rumonge, ingawa ana mikono ya ajabu, hana akiba ya vipande hivyo. Huagizwa kutoka mbali kwa bei ya kumfanya mtu akae chini kwanza.

Wanunuzi wameligundua jambo hili wenyewe, nao wamelitibu kwa namna ya kuchekesha. Mtu hulipa mishahara ya miezi kadhaa apate simu isiyo na ukingo, kisha siku ileile hununua kava nene la mpira, lenye mdomo ulioinuka pande zote nne. Amekwisha urudisha ukingo, na sasa amelipa mara mbili.

Kazi ya pili ya ukingo ilikuwa kumpa mkono mahali pa kushika. Mkono wa askari ni mpana, mara nyingi una jasho au vumbi, na pengine mwingine umekwisha shika bunduki. Ashikapo simu ambayo kila upande ni kioo, nyama ya kiganja hugusa pembeni, nayo simu haijui kwamba hilo si kidole. Hufungua isichoombwa, hufuta, hupiga kwa mtu ambaye hakukusudiwa. Tumepata kupokea simu usiku wa manane kutoka kwa mwenzetu aliyekuwa doriani, tukasikia nyasi na nyayo tu, naye hakujua lolote mpaka alipokuja asubuhi. Sisi tulikuwa rafiki. Angeweza kuipokea mwingine.

Watengenezaji nao wameukiri udhaifu huo, ingawa si kwa maneno. Mwaka 2019 Huawei walitoa Mate 30 Pro, ambayo kioo chake kilishuka ubavuni karibu wima, wakaondoa vitufe vya sauti ili mtu apapase kioo mahali pake. Mwaka uliofuata, katika Mate 40 Pro, vitufe vikarudi. Na Samsung, waliouanza mtindo wa kupinda mwaka 2014, Januari 2024 walitoa simu yao kubwa, Galaxy S24 Ultra, ikiwa na kioo bapa. Ilichukua miaka 10 kurejea pale pale.

Lakini tusivitukuze vitufe kupita kiasi. Juni 2023 polisi wa Uingereza walilalamika kwamba vituo vyao vya dharura vimefurika simu zisizo na mtu, kwa sababu simu nyingi zilikuwa zimewekewa desturi mpya: kitufe cha ubavuni kikibonyezwa mara tano au zaidi mfululizo, hupiga dharura zenyewe. Mfukoni hakuna ajuaye kuhesabu. Basi hatari haimo katika kioo peke yake. Imo katika kila kitu kinachotenda kabla mwenyewe hajaamua.

Kisha kuna maji, na hapa twasema hasa na wale wanaolinda ufuko, toka Kabezi hadi Nyanza-Lac. Kioo cha simu hutambua kidole kwa kuwa mwili wa mtu hupokea umeme mdogo sana. Tone la maji nalo hupitisha umeme. Mvua ikinyesha, au wimbi likirusha maji ndani ya boti, kioo huona vidole kumi ambavyo havipo, na kile kimoja kilichopo hakikioni. Kitufe cha zamani kilibonyezwa hata chini ya mvua ya masika. Zile simu zinazosoma alama ya kidole chini ya kioo husumbua vilevile kidole kikiwa kimelowa au kina matope, nasi hatujui kazi ya ziwani ifanywayo kwa vidole vikavu.

Usiku ndio mbaya zaidi. Wavuvi wetu wanafahamu kuliko sisi sote nguvu ya nuru juu ya maji meusi. Kwa nuru huwaita ndagala, na mbalamwezi ikiwa kali kazi yao huharibika. Simu ya zamani ilitoa mwanga wa kijidirisha kidogo. Hii ya leo, kwa kuwa uso wake wote ni nuru, humwangaza mlinzi kuanzia kidevu hadi kofia, na aliye gizani humwona kabla yeye hajamwona. Ni kweli kwamba vile vioo vya ghali vyaweza kuzima kila nukta nyeusi kabisa, hata maandishi meupe juu ya weusi yakatoa mwanga hafifu. Ni faida ya haki, lakini hutegemea mtu akumbuke kuiweka hivyo kabla ya kutoka, na wengi hukumbuka wakiwa wamekwisha angazwa. Aidha, macho yaliyotazama kioo kikali huchukua muda mrefu kuzoea tena giza, na katika muda huo lindo halina mlinzi ingawa mtu yupo.

Mambo mengine, kama kutoa siri ya mahali, ni ya simu zote, zenye ukingo na zisizo nao. Usiku wa kuamkia mwaka 2023 wanajeshi wa Urusi walishambuliwa katika jengo walimolala huko Makiivka. Wizara yao ya ulinzi ilikiri vifo 89, ikasema sababu kuu ilikuwa simu zilizowashwa kinyume cha amri. Hapo upana wa kioo haukuwa na neno.

Je, majeshi makubwa yamefanyaje? Mwaka 2020 Samsung walitengeneza kwa ajili ya jeshi la Marekani toleo la pekee la Galaxy S20, mojawapo ya simu hizi hizi za kioo kitupu. Hawakukikataa kioo kipana, maana ramani zao zakitaka. Lakini waliivika gamba nene la kinga, wakaiwezesha kutumiwa na mkono uliovaa glavu, wakaweka na njia ya kuuzima uso wake askari avaapo miwani ya kuonea usiku. Yaani walichukua faida, kisha wakaurudisha ukingo kwa makusudi, wala hawakuona haya.

Kwa maoni yetu basi, askari au polisi anayetaka simu ya kazi achague kioo kipana kilicho bapa, chenye ukingo unaoonekana kwa macho, na vitufe vya ubavuni awezavyo kuvipata gizani bila kutazama. Kabla ya kulipa amwulize muuzaji kioo chake kikivunjika kitapatikana wapi na kwa faranga ngapi. Muuzaji akianza kusifu kamera, jibu amekwisha lipata. Anayetaka ile iliyopinda kwa ajili ya nyumbani hatumkatazi, ilimradi iwe fedha yake na si mkopo, na ibaki nyumbani. Nao makamanda wasiishie kukataza. Mlinzi aliyeonyeshwa na mwenzake, kutoka hatua mia moja, jinsi uso wake unavyong'aa, hahitaji kuambiwa mara ya pili. Jaribio hilo halina gharama, nasi twaliomba lifanywe katika kila kikosi kilicho kando ya ziwa.

Kaporali wa Kabezi tulikutana naye tena majuzi. Kioo kimeagizwa Bujumbura na bado hakijafika. Kwa sasa atumia simu ndogo ya vitufe aliyopewa na kaka yake, nayo ameifunga kwa kamba shingoni.