Mchina Hakusaini Peke Yake

Kila SGR ikitajwa, kuna mtu lazima aseme, "Mchina atakuja kuchukua bandari ya Mombasa." Mimi nimechoka na hiyo hadithi. Si eti nampenda Mchina sana. Nimechoka kwa sababu tukimkodolea mgeni macho, wenyeji waliokaa naye mezani wanatoka kwa mlango wa nyuma, kalamu ikiwa bado mfukoni.

Hebu tuongee yale yanayojulikana. Mei 2014 serikali yetu ilikopa karibu dola bilioni 3.2 kutoka Benki ya Exim ya China, ijenge reli ya Mombasa hadi Nairobi. Karibu nusu ilikuwa ya riba nafuu, asilimia 2, miaka 20. Hiyo sina neno nayo. Nusu ya pili ilikuwa biashara kavu: miaka 15, riba inayofuata soko la dunia, halafu juu yake uongeze asilimia 3.6. Soko lilipopanda, mimi na wewe tulipanda nalo. Benki ya China, mjenzi kampuni ya China. Wao walijua wanachotaka na walikipata.

Sasa hapa ndipo penyewe. Anayekopesha pesa hizo zote anataka uhakika kwamba treni itakuwa na mzigo. Kwa hivyo Mamlaka ya Bandari ikafungwa na Shirika la Reli kwa makubaliano: mzigo wa kiasi fulani lazima upande treni, na usipopanda, bandari inalipia pengo. Ukishaelewa hapo, huna haja ya kuuliza kwa nini makontena yaliamriwa yaende depo ya Embakasi kwa treni, mwenye mzigo atake asitake. Mkataba ulikuwa umeshamchagulia.

Na nani alilipa? Uliza Changamwe. Uliza Mariakani na Mtito Andei. Trela lisiposimama, dereva hali, tanboi hali, mama wa chapati anarudi na unga wake nyumbani, fundi wa magurudumu anafunga. Hawa hawakuwa mezani. Hata mkataba hawakuonyeshwa. Mwaka 2019 watu wa Mombasa wakaingia barabarani, serikali ikalegeza kidogo. Septemba 2022 Ruto, siku ile ile ya kuapishwa, akatangaza kutoa mizigo kurudi Mombasa. Vizuri. Lakini kibanda kilichokufa hakifufuki kwa hotuba, bana.

Nisionekane mchoyo: treni yenyewe ni nzuri. Imefunguliwa 2017, nimepanda, nimelala usingizi mtamu mpaka Athi River. Ile nauli ya kawaida ilianza 700, ikawa 1,000, tangu 2024 ni 1,500. Na hata yule ndugu yetu wa Turkana ambaye hajawahi kuiona analipa, kwa sababu tangu 2013 kuna ushuru wa reli kwa bidhaa zinazoingia nchini. Ulianza na asilimia 1.5. Yaani akinunua kitu kilichotoka ng'ambo, amekata tiketi ya treni bila kupanda.

Kinachoniuma zaidi ni siri. Katiba, Kifungu cha 35, inasema tuna haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mikataba ikafichwa miaka minane. Novemba 2022 Waziri Murkomen alipotoa sehemu yake, tukaona kuna kipengele cha kutunza siri, na kwamba mzozo ukitokea, kesi inaamuliwa Beijing. Sasa niambie, hicho kipengele alikiweka Mchina. Sawa. Ni nani alikisoma, akakohoa, akasaini? Mkopeshaji kujitafutia faida ni kazi yake. Kazi ya kututetea sisi ilikuwa ya watu tunaowalipa mshahara, na hadi leo sijaona hata mmoja akisimama kusema, "Mimi ndiye niliyekubali hayo masharti."

Reli ikafika Suswa mwaka 2019, ikakwama huko nyikani. Sasa wimbo ni Kisumu na Malaba. Jengeni, mimi sipingi reli. Ila wekeni mkataba wazi kabla ya wino kukauka, wote, si kurasa mlizochagua, na kwa Kiswahili pia, ili yule mama wa chapati wa Mariakani ajue mapema kama atakula au hatakula.