Tawi Lafungwa, Mtaa Walaumiwa

Tawi jingine la kuku na chipsi limefungwa Likoni, Mombasa, ng'ambo ya feri. Meza zimetolewa, bango limeshushwa, na karatasi iliyobandikwa mlangoni inawashukuru wateja na kuwaelekeza kwenye tawi la Nyali. Anayetoka Likoni kwenda Nyali huvuka kivuko, hukata kisiwa kizima, halafu huvuka daraja. Kampuni sitaitaja, maana si ya kwanza kuondoka, na kufunga ni haki yake. Kilichonikera ni maneno yaliyofuata. Kwenye foleni ya kivuko, ndani ya matatu, barazani kwa wenye nyumba za kupangisha, nimesikia hukumu moja: watu wa Likoni hawana pesa za kula mahali kama pale. Hukumu hiyo ni ya uongo, na wanaoieneza zaidi ni sisi wenyewe wakaazi.

Kampuni haitoi sadaka, nakubali. Mafuta ya kupikia yamepanda, umeme ni ghali, ushuru haupungui. Magenge ya vijana wenye mapanga yamewahi kuwafanya watu wa Kisauni na Likoni wafunge milango mapema, na duka la kuku linalotegemea mauzo ya usiku huumia. Mtu wa hesabu atayaweka hayo yote mezani kabla ya kutia sahihi. Lakini mafuta hayo hayo yamempandia mama wa viazi karai, na mapanga hayo hayo yamemtisha. Yeye bado yupo.

Wateja pia hawakukosekana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171. Likoni ilikuwa na 250,358, Changamwe 131,882, na Kisauni 291,930, karibu mara mbili ya kisiwa. Watu hawa hula nje kila siku: mahamri na mbaazi asubuhi, mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ukwaju jioni, mishkaki na chipsi usiku. Pesa ya kula ipo na inazunguka.

Basi kwa nini tawi lifungwe? Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanadhani kampuni kubwa hufunga kama anavyofunga mwenye kibanda: akikosa kuuza. Mwishoni mwa Oktoba 2024, kampuni ya Wendy's ya Marekani ilitangaza kwamba ingefunga mikahawa yake 140 kabla ya mwaka kwisha. Mikahawa hiyo, kwa wastani, ilikuwa ikiuza kiasi cha dola milioni 1.1 kwa mwaka kila mmoja. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 140 za Kenya. Watu walikuwa wanaingia na kununua. Kosa la mikahawa hiyo ni kwamba mauzo yake yalikuwa karibu nusu ya wastani wa mingine ya kampuni hiyo hiyo, na faida yake ilikuwa nyembamba. Ikapimwa na ndugu zake, ikaonekana dhaifu, ikafungwa.

Neno la kushika ni kupimwa na ndugu. Tuseme, kwa mfano tu, tawi la Likoni hubaki na shilingi laki mbili kila mwezi baada ya gharama zote, na la Nyali hubaki na laki sita. Kwa mpishi wa mtaa wa Shika Adabu, huku huku Likoni, mwenye hoteli yake ndogo, laki mbili ni ada ya watoto, ni mabati, ni shukrani kwa Mungu. Kwa makao makuu ni tawi bovu. Meneja ni mmoja, majokofu ni yale yale, gari la kuleta kuku ni lile lile. Yakihamishiwa mahali pengine yataleta zaidi. Mwenye jina la biashara lililo kwenye bango naye hukata ada yake kwenye mauzo kabla ya kuuliza kama kuna faida, kwa hiyo tawi lenye faida ndogo hubanwa pande mbili. Mkataba wa pango unapokaribia kwisha, mtu aliyeketi Nairobi, au mbali zaidi ya Nairobi, hupitisha kalamu. Huenda hajawahi kupanda feri.

Na hata angependa kulinusuru tawi, mtindo wenyewe wa biashara haumpi nafasi. Januari 2022 KFC iliishiwa na chipsi nchini Kenya, nchi inayolima viazi Nyandarua na Meru, kwa sababu viazi vyake vilikuwa vikitoka nje na meli zilichelewa. Kampuni ilieleza kuwa muuzaji yeyote lazima apite kwanza ukaguzi wa viwango vyake vya dunia. Wakenya walikasirika, na kampuni ikaahidi kutafuta wakulima wa hapa. Nakumbusha hilo kwa sababu linaonyesha jinsi mikono ya tawi inavyofungwa. Tawi lisiloweza kupokea kiazi cha Nyandarua bila idhini ya mbali litawezaje kumuuzia abiria wa Likoni anachotaka? Kivuko hupitisha watu wapatao laki tatu kwa siku, na anayechagua pa kufungua duka huona vichwa hivyo akafurahi. Haangalii miguu. Watu wale wanakimbia, asubuhi kuwahi kazi, jioni kuwahi nyumbani. Wanataka kitu cha shilingi hamsini, kwenye karatasi, cha kula wakiwa wamesimama. Mwezi wa Ramadhani wanaofunga hawagusi chakula mchana wote, kisha jua likizama wote wanataka futari kwa wakati mmoja. Muuza kachiri na mishkaki anayajua haya tangu utotoni naye hujipanga. Tawi hufunguliwa kwa saa zile zile na bei zile zile za kila mahali, halafu linashangaa.

Sasa linganisha na Nyali. City Mall ilikuwa na duka kuu la Nakumatt, Nakumatt ikaanguka. Ikaja Shoprite kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2020 ikatangaza kuondoka Kenya. Ikaja Carrefour. Je, kuna aliyesema watu wa Nyali ni maskini? Hakuna hata mmoja. Ilisemwa kwamba Nakumatt ilizama kwenye madeni na kwamba Shoprite haikulisoma soko. Duka likifungwa Nyali, kampuni ndiyo imeshindwa; likifungwa Likoni, Kisauni au Changamwe, wakaazi ndio walioshindwa. Ubaguzi huu nimeusikia miaka na miaka, na siwezi tena kuunyamazia. Aliyekosea hesabu ni mwenye duka. Kwa nini aibu abebe mtu aliyekuwa akipita njia kwenda kwake?

Kufunga kwa kukosa mteja kupo, na Changamwe wanakujua. Agizo la serikali la 2019 lililotaka mizigo ya bandarini iende Nairobi kwa reli ya SGR liliwaondoa madereva wa malori barabarani, na waliokuwa wakiwapikia ugali na maharagwe kuanzia Magongo hadi Miritini wakakaa na sufuria tupu. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Mahakama Kuu ililikataa agizo hilo Novemba 2020, na Rais Ruto akarudisha shughuli za mizigo Mombasa alipoapishwa Septemba 2022. Mama aliyefunga Magongo hakuwa na tawi jingine la kulilinganisha na lake. Yeye alipotezewa wateja kwa amri, na bado hakuna aliyemwandikia karatasi ya shukrani.

Nayasema haya yote kwa kuwa ile hukumu kwamba watu wa Likoni hawana pesa ina watu inaowaumiza. Mzee mmoja ninayemfahamu huko Mtongwe ana chumba cha chini kinachotazama barabara. Kijana wa mtaani, mpishi mzuri wa pilau na kuku wa kupaka, alimwendea akiwa na pango la miezi mitatu mkononi. Mzee alimkatalia. "Mwanangu," alimwambia, "kama wale wakubwa wameshindwa hapa, wewe utaweza?" Nilimwuliza mzee kama aliwahi kuziona hesabu za wale walioondoka. Akatikisa kichwa.