BOXER AU TVS? KWA MUUZAJI WA MTANDAONI, HILO SI SWALI LA KWANZA



Leo tuongelee pikipiki. Maana ukipita kijiwe chochote cha boda hapa Chuga, iwe Sakina, Kilombero au Kwa Mrombo, utakuta machalii wanabishana. Huyu anakwambia Boxer ndo chuma, ya kazi, haichoki. Yule anasema TVS inakula mafuta kidogo na imetulia barabarani. Wa tatu anawacheka wote: ana SanLG yake, kainunua kwa bei nafuu, na bado anaingiza hela kila siku kama wao.

Sasa shida inaanza pale muuzaji wa nguo, viatu, vipodozi au vyombo anapousikiliza ule ubishi, halafu anatoa mtaji wake wote kwenda kununua pikipiki "ya delivery". Mi nina maoni tofauti kidogo, na najua wengine mtanipinga. Karibuni.

MAONI YANGU KWA UFUPI: Wauzaji wadogo wengi wa hapa hawahitaji kumiliki pikipiki. Na yule anayeihitaji kweli, asichague kwa ushauri wa kijiwe, kwa sababu kijiwe kinajibu swali la kubeba abiria. Wewe hubebi abiria.

1. Piga hesabu kwanza, jina la pikipiki baadaye

Chukua kalamu. Namba ninazoweka hapa ni za mfano tu, wewe weka za kwako.

Tuseme pikipiki umeinunua 3,000,000. Ukaitumia miaka mitatu, ukaja kuiuza 1,200,000. Maana yake imekula 1,800,000 kwa miezi 36, yaani 50,000 kila mwezi. Hiyo hela huioni ikitoka mfukoni, lakini inatoka.

Dereva unamlipa 10,000 kwa siku, siku 26 za kazi: 260,000.

Mafuta: anazunguka kilomita 60 kwa siku, pikipiki inaenda kilomita 40 kwa lita, kwa hiyo ni lita moja na nusu. Lita ikiwa 3,000, ni 4,500 kwa siku, sawa na 117,000 kwa mwezi.

Oili, matairi, cheni, bima na fundi: weka 60,000 kwa mwezi.

Jumla ni 487,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26, unapata kama 18,700 kwa siku. Hiyo ni gharama ya pikipiki ikiwa kazini kila siku, na ukitoa mafuta, sehemu kubwa unailipa hata kama oda hazijaja.

Sasa, kama boda wa kawaida anakupelekea mzigo kwa wastani wa 3,000, unahitaji safari 7 KILA SIKU ndo pikipiki yako ianze kuwa nafuu kuliko kumwita boda. Siyo safari 7 Jumamosi na Jumapili peke yake. Kila siku, hata zile wiki za Januari ambapo watu wanalipa ada na simu yako iko kimya.

Una oda tatu au nne kwa siku? Tafuta boda mmoja mwaminifu, elewaneni bei za maeneo, mpe kazi zako zote. Njiro bei hii, Tengeru bei hii, Ngaramtoni bei hii. Mtaji wako ubaki kwenye mzigo.

2. Ubishi wa kijiwe unahusu abiria

Tuwatendee haki madereva: wanajua wanachosema. Mtu anayepandisha Ilboru na abiria wawili mgongoni pamoja na gunia anahitaji injini yenye nguvu. Ndiyo maana Boxer BM 150 wengi wanaiheshimu. Ina injini ya karibu cc 145 na gia nne, haina mambo mengi, na fundi wa mtaa yeyote anaijua. Inatengenezwa na Bajaj ya India, kampuni ileile iliyotupa jina la bajaji.

TVS nao ni Wahindi. HLX zao zililetwa Afrika kuanzia mwaka 2013, zikiwa zimelengwa barabara na kazi za huku. Ziko za cc 100, 125 na 150, na kuna zenye gia nne na zenye gia tano. Gia ya tano faida yake unaiona barabara ndefu, mfano lami ya kwenda Usa River au Kisongo. Injini inatulia, haipigi kelele. Kwenye foleni ya mjini hiyo gia ya tano huigusi kabisa.

Halafu kuna Wachina: SanLG, Haojue, Kinglion, Fekon na wenzao. Hapa watu wanakosea kuwaweka kwenye kapu moja. Haojue kwa mfano ni kampuni kubwa iliyofanya kazi na Suzuki ya Japani kwa miaka mingi. Kusema "ya Mchina ni mbovu" ni sawa na mteja anayesema "wauzaji wa mtandaoni ni matapeli". Inauma, si ndiyo?

Lakini rudi kwenye kazi yako. Mzigo wako ni nini? Magauni manne, pea mbili za viatu, boksi la vipodozi. Kilo 10, zikizidi sana 20. Kwa mzigo huo, cc 100 au 125 inatosha kabisa. Kulipia cc 150 ili kubeba wigi ni kumlipa fuso abebe mkate. Anayeuza mitungi ya gesi, viazi kwa gunia au samani, huyo ni habari nyingine. Na pengine hata yeye hahitaji pikipiki ya matairi mawili, anahitaji guta la kukodi kwa safari.

3. Mlima Meru nao una maoni yake

Hili wauzaji wa Dar hawatakwambia. Arusha tuko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini inavuta hewa ili iunguze mafuta. Hewa ikipungua, nguvu inapungua. Kwa kimo chetu, pikipiki inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu ambayo ingekuwa nayo pale Dar. Ukipanda kuelekea Ilkiding'a au Olmotonyi, inapungua tena.

Kwa hiyo zile namba za nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi za dukani, usizimeze nzima nzima.

Na kwa pikipiki ya kabureta, hewa nyepesi maana yake mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa. Dalili yake ni plagi kuwa nyeusi kwa masizi, ulaji wa mafuta kupanda, na mlimani kukosa nguvu. Ukiona hivyo kwenye pikipiki iliyotoka Pwani, usikimbilie kusema kampuni ni mbovu. Mwambie fundi aangalie kabureta na chujio la hewa. Vumbi la njia zetu za ndani linaziba chujio haraka sana kiangazi.

4. Bei ya dukani siyo bei ya kweli

Hapa ndipo penye ubishi halisi, na pande zote mbili zina hoja.

Tuseme pikipiki ya bei nafuu ni 2,300,000, na ile yenye jina ni 3,000,000. Tofauti ni 700,000. Baada ya miaka mitatu ile yenye jina unaiuza 1,200,000, ya bei nafuu unaiuza 700,000. Moja imekula 1,800,000, nyingine 1,600,000. Tofauti ya kweli siyo 700,000 tena, ni 200,000.

Ongeza mafuta. Kama yenye jina inaenda kilomita 50 kwa lita na nyingine 40, kwa kilomita 60 kwa siku unaokoa karibu 900. Kwa mwezi ni 23,400. Miaka mitatu ni zaidi ya 840,000. Hapo mwenye Boxer au TVS anacheka.

Ila ngoja. Ile 700,000 uliyobaki nayo LEO uliponunua ya bei nafuu, ungeifanyia nini? Kama mzigo wako unazunguka kila mwezi na kukuachia faida ya asilimia 10, hiyo ni 70,000 kwa mwezi. Ni mara tatu ya mafuta uliyookoa!

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama mzigo wako unatoka haraka, usione aibu kununua ya bei nafuu, ilimradi spea zake zipo hapa mjini. Kama mzigo wako unakaa dukani miezi mitatu, hiyo 700,000 ingelala tu. Nunua yenye jina, angalau utaiuza vizuri baadaye.

Na hizo kilomita kwa lita usimwamini mtu, hata mwenye duka. Pima mwenyewe: jaza tenki mpaka juu, andika namba ya kilomita, tembea siku tatu za kazi ya kawaida, jaza tena mpaka palepale. Gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Hapo umemaliza ubishi wa kijiwe chote.

5. Kabla hujatoa hela, fanya haya

✅ Ulizia bei ya spea tano kwenye maduka matatu tofauti: cheni na sproketi zake, brekshuu, sahani za klachi, kebo ya klachi, chujio la hewa. Spea ikipatikana duka moja tu, kaa mbali. Siku ikiharibika, oda zako zinalala.

✅ Tofautisha spea halisi na feki. Kadiri pikipiki inavyopendwa, ndivyo spea zake feki zinavyojaa. Jina kubwa halikulindi hapo.

✅ Ya mtumba? Mpeleke fundi wako, siyo fundi wa muuzaji. Iwashe ikiwa imepoa, angalia moshi, panda nayo mlima ukiwa na mtu nyuma.

✅ Kadi ya pikipiki isome vizuri. Namba ya chasisi na ya injini zifanane na zilizopo kwenye chuma. Umiliki uhamishwe TRA uje kwenye jina lako. Karatasi ya kuandikiana peke yake haitoshi.

✅ Bima iwe hai, na dereva awe na leseni ya pikipiki. Ikitokea ajali bila hivyo vitu, biashara yote inaweza kwenda kulipa hospitali.

✅ Ukichukua kwa mkopo au mkataba, jumlisha malipo yote mpaka mwisho, siyo rejesho la wiki moja. Utashangaa umelipa pikipiki ngapi.

6. La mwisho, na kwangu ndilo kubwa

Kwenye ubishi wote wa Boxer na TVS, ni wachache wanaotaja breki. Wanataja mbio.

Nasi wauzaji tunachochea. Tunaposti "delivery dakika 30 popote Arusha", halafu tunampigia dereva simu akiwa katikati ya barabara ya Moshi: "umefika wapi? Mteja analalamika!" Masika, lami inateleza, malori yanapita, na yule kijana ana boksi lako mgongoni na simu yako sikioni.

Hakuna gauni linalostahili hilo. Mteja ukimwambia "mzigo unafika kati ya saa nane na saa kumi" anaelewa. Asiyeelewa mwache aende. Panga oda kwa njia moja: asubuhi upande wa Njiro, mchana Sakina mpaka Ngaramtoni. Utaokoa mafuta kuliko pikipiki yoyote unayoweza kununua, na dereva wako atarudi nyumbani.

Ukinunua pikipiki yako, hela ya kwanza baada ya hapo iwe ya helmeti nzuri, siyo ya stika za jina la duka. Tairi likiisha, badilisha. Brekshuu zikiisha, badilisha siku hiyohiyo. Dereva ndiye anayekutana na mteja wako uso kwa uso kila siku, na yeye hana spea.

Kwa hiyo, Boxer au TVS? Zote zinafanya kazi. Hata ya Mchina inafanya kazi. Swali ni kama oda zako zinatosha kuilisha, na kama hela yako haina kazi nzuri zaidi ya kuifanya kwa sasa.

Wewe unasambaza oda ngapi kwa siku, na unatumia boda au ya kwako? Tuandikie hapo chini, taja na eneo ulipo na kilomita kwa lita ulizopima mwenyewe (siyo ulizoambiwa 😄). Na kama kuna mwenzako yuko mbioni kutoa mtaji akanunue pikipiki wiki hii, mtumie hii aisome kwanza.

Biashara njema.