UKURASA WA WAZAZI NA VIJANA: Watoto wa Ngome ya Cairo

Mwezi uliopita alitujia mzee mmoja, mtu wa heshima na mwenye kazi yake, akatueleza kuwa mwanawe wa miaka 12 amepata nafasi katika shule ya bweni ambako watoto huamshwa kwa tarumbeta, hupigishwa gwaride kabla ya masomo, na huvaa sare kama askari. Baba ameridhika, asema kijana atanyooka. Mama hataki. Na hoja ya mama ni moja tu: "Nani atakayejua kuwa mwanangu amekula?" Mzee aliyaeleza maneno haya huku akicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa swali hilo hilo aliwahi kulishughulikia mfalme, tena mfalme wa vita.

Mfalme huyo ni Sultani Qalawun, aliyetawala Misri na Sham tangu mwaka 1279 hata 1290. Katika ngome ya Cairo, ile iliyoanza kujengwa na Salahuddin mwaka 1176, palikuwa na mabweni yaitwayo kwa Kiarabu tibaq, ambamo vijana wa kiaskari walilelewa tangu udogoni. Mwanachuoni wa tarikh Al-Maqrizi, aliyefariki mwaka 1442, amesimulia kuwa Qalawun alikuwa akitoka mwenyewe wakati wa chakula cha vijana hao, akaagiza kiletwe mbele yake, akaitazama nyama yao na kuuonja mchuzi wao. Akiona kasoro, aliyeadhibiwa ni msimamizi. Sultani huyu alikuwa na maadui Wamongoli upande mmoja na Mafaranji upande wa pili, na juu ya hayo yote alipata nafasi ya kuonja mchuzi wa watoto.

Kabla ya kuendelea yatupasa kusema lililo kweli. Watoto hawa hawakuletwa na wazazi wao. Walikuwa mamluki, maana yake waliomilikiwa. Walinunuliwa na wafanyabiashara katika nchi za Wakipchak kaskazini ya Bahari Nyeusi, na baadaye kwa Wacherkasi katika milima ya Kaukazi. Wengine walitekwa vitani, wengine waliuzwa na jamaa zao wenyewe kwa njaa. Qalawun mwenyewe alinunuliwa hivyo, kwa dinari 1,000, hata akabakia na jina la Al-Alfi. Sisi watu wa pwani hii hatuna haja ya kuambiwa nini maana ya mtoto kutiwa jahazini asimwone tena mamaye. Kwa hiyo hatuyaelezi haya ili kuusifu mlango walioingilia, bali kutazama walivyolelewa baada ya kuingia.

Kijana alipofika alitiwa katika bweni la watu wa jinsi yake, ambao aweza kusema nao kwa lugha yake. Hakupewa mkuki. Jambo la kwanza lilikuwa Qur-ani. Kila kundi lilikuwa na fakihi wake aliyekuja kila siku kuwafunza kusoma, kuandika khati, sala na adabu za sharia. Alipokua kidogo akaongezewa fiqhi. Ni hapo tu alipobaleghe ndipo alipokabidhiwa kwa mwalimu wa vita. Baadhi yao, asema Al-Maqrizi, walitoka mafakihi, na wengine washairi au mahodari wa hesabu.

Mafunzo ya vita nayo hayakuwa ya pupa. Upandaji farasi ulianza juu ya kinyago cha farasi, ili mtoto ajifunze kuruka na kukaa sawa kabla ya kumpanda mnyama mwenye roho. Upinde ulianza na ule laini, kisha mgumu zaidi, hata mkono ukazoea. Upanga ulipigwa juu ya udongo mbichi, mapigo yakiongezwa siku hata siku, kwa kuwa mwenye upanga hakutakiwa ajue kukata tu, bali ajue pia kukata kiasi akitakacho na asizidishe. Kisha palikuwa na mchezo wa qabaq: kibuyu hutundikwa juu ya mlingoti mrefu, na mpandaji hupita mbio chini yake na kukitupia mshale huku amegeuka juu ya tandiko. Sultani Baybars aliujengea mchezo huu uwanja wake mwaka 1267, akawa akienda kutupa mishale pamoja na watu wake. Kutupa mishale, kama mjuavyo, ni jambo alilolihimiza Mtume wetu (S.A.W.), kwa hiyo uwanja ule haukuwa mbali na darasa la fakihi.

Huyo Baybars alitoka katika kundi la mamluki wa mbele zaidi, waliolelewa katika kisiwa cha Rawda cha mto Nile. Ni yeye na Sultani Kutuz, mamluki pia, waliowavunja Wamongoli pale Ain Jalut mwezi wa Ramadhani, tarehe 3 Septemba 1260.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wazazi huona haya kuliuliza. Katika mabweni yale wadogo na wakubwa hawakuachwa wakachanganyika. Palikuwa na matawashi, wenye mkubwa wao, ambao kazi yao ilikuwa kulala na kuamka pamoja na vijana, kuwalinda wadogo na wakubwa wao, na kuchungua mwenendo wa kila mmoja. Aliyekosa adabu aliadhibiwa kwa kadiri ya kosa lake, na adhabu zilikuwa kali. Sisi twaona nyingine zilipita kiasi. Mchana, tangu siku za Al-Ashraf Khalil mwana wa Qalawun, waliruhusiwa kushuka mjini. Usiku ilikuwa lazima kila mmoja alale ngomeni. Mzazi wa leo humuuliza mwalimu mkuu juu ya karo na matokeo ya mitihani. Ni wachache waulizao nani hulala bwenini na watoto, na mtoto mdogo akionewa saa nane ya usiku atamwendea nani.

Kijana alipokwisha mafunzo yake aliachwa huru, akapewa farasi, silaha na nguo, akaanza utumishi. Wengi wakawa maamiri, wengine masultani. Lakini jambo la ajabu ni kuwa mwanawe yeye hakuwa na nafasi katika mabweni yale, kwa kuwa alizaliwa huru. Wana hao wengi wao walishika kalamu. Mmoja wao ni Ibn Taghribirdi, mwandishi mkubwa wa tarikh ya Misri, aliyefariki mwaka 1470.

Mambo yakabadilika. Sultani Barquq, aliyetawala kuanzia mwaka 1382, aliwaruhusu vijana wakae mjini na kuoa. Alipokuja mwanawe Faraj, mwaka 1399, hata rai ikageuka: ikaonekana kuwa kumkabidhi kijana kwa fakihi ni kumharibu. Wakaletwa watu wazima waliokuwa mabaharia au wachochezi wa tanuri, wakaitwa wanafunzi. Badala ya chakula kilichopikwa wakapewa fedha, na fedha hazikutosha nyama, hata wengi wakawa wanakula maharage ya kuchemsha. Al-Maqrizi aliyashuhudia haya, na kalamu yake inawaka anapowaeleza askari hao walivyowafanyia raia wa Cairo.

Tunadhani alikuwa na haki, ingawa hasira yake inasahau jambo moja. Tauni iliyoingia Misri mwaka 1347, kisha ikarudi mara kwa mara, iliwaua vijana wa ngomeni kwa wingi sana, na sultani aliyetaka askari upesi hakuwa na miaka ya kungoja mtoto akue. Wala elimu haikufa yote, kwani hata leo vipo vitabu vya dini vilivyonakiliwa kwa mikono ya vijana wa mabweni yale katika zama za Qaytbay, aliyetawala hata mwaka 1496, vyenye jina la kijana na jina la bweni lake.

Haya ndiyo tuliyomsimulia mzee wetu. Alisikiliza bila ya kucheka tena. Kisha akauliza kama shule ile ina mwalimu wa dini, au watoto huachwa Ijumaa wafanye wapendavyo. Tulimwambia hatujui, aende mwenyewe. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza shule za namna ile hula saa ngapi. Tukasema labda saa saba. Akasema atafika saa sita na nusu, wala hatapeleka khabari, na mama wa kijana atakuwa pamoja naye.