Wapime na matope yetu, si dhahabu tu

Ndugu wachimbaji, mama na baba wa Butembo na Beni,

Wanunuzi wengi wakubwa wa dhahabu wako na mashini ndogo ya kushika mkononi. Wanaielekeza kwa dhahabu, inatoa mwangaza wa X, ndugu ya ile radio ya hospitali inayoonesha mifupa. Kisha muda kidogo inaandika: dhahabu kiasi hiki, shaba kiasi hiki.

Mashini ya namna hiyo inaweza pia kuona zebaki, arseniki na risasi mu matope. Lakini miaka yote niko mu sindika, sijaona mtu anaielekeza kwa matope ya mto wetu.

Kwa nini matope? Mara nyingi dhahabu inakaa pamoja na pirite, lile jiwe la kung'aa linalodanganya wageni wa kazi. Chini ya udongo limelala kimya. Tukilitwanga, maji na hewa vinagusa uso wake, unatoa asidi, maji yanapata rangi ya kutu. Kama kuna arseniki ndani, inatoka.

Wataalamu wa ng'ambo walichunguza mambo hayo kwa mwangaza wa X wenye nguvu sana, unaotoka mu mashini kubwa sawa uwanja wa mpira. Waliona arseniki inajishika kwa uso wa kutu. Inatulia hapo, lakini si kwa siku zote: matope yakikosa hewa, kutu inayeyuka, arseniki inarudi mu maji. Njo maana maji kuwa meupe haitoshi kuyaamini.

Hatuombi ile mashini kubwa. Tunaomba SAEMAPE, iliyowekwa kwa ajili ya wachimbaji wadogo, ipime matope juu na chini ya pale tunaosha mchanga. Maji yenyewe yapelekwe laboratware, sababu mashini ya mkono haioni sumu kidogo iliyo mu maji. Université Catholique du Graben iko hapa hapa Butembo, isaidie. Majibu yasomwe mu redio, kwa Kiswahili na Kinande.

Wengine watasema: wakipima, watafunga mashimo. Njo sababu sisi wenyewe tuombe wa kwanza, na tuseme majibu ni ya nini: kuhamisha mahali pa kuosha, kuchimba mabwawa ya matope, kuonesha mama wapi asichote maji.

Dhahabu inapimwa kwa faida ya mnunuzi. Matope yapimwe kwa faida ya watoto wetu.