Ali wa Shirazi Naye Tungemfukuza

Nianze na jambo lenyewe kabla ujasiri haujaniishia. Katika kundi letu la waandishi chipukizi hapa Kilwa Masoko tumemfukuza dada mmoja. Hakuna aliyemwambia toka. Sisi watu wa pwani bwana, tuna adabu zetu. Siku ya kikao ikibadilishwa, yeye hapati habari. Akitoa salamu, anaitikiwa kwa mbali. Na hadithi yake, ambayo ilikwishakubaliwa iingie katika kijitabu chetu, ikawa haionekani tena ndani ya bahasha. Mwezi wa tatu akaacha kuja. Mimi nilikuwepo siku zote hizo, na sikusema kitu.

Kosa lake ni kwamba alisoma hadithi ya bibi wa bibi yake. Mtoto wa kike anatolewa huko pande za Nyasa, anatembezwa mpaka Kivinje na msafara, ananunuliwa, anapewa jina jipya na aliyemnunua. Anakua, anajifunza kusuka ukili, anajifunza kusali, anaolewa, anazaa. Halafu kuna kipande ambacho mpaka leo sijakisahau: mama yule, sasa mtu mzima, anavaa buibui kwa mara ya kwanza ili aende harusini, na wanawake waliokaa barazani wanaangua kicheko. Anaendelea kutembea. Basi. Hadithi inaishia njiani, hatujui kama alifika.

Aliposoma sentensi ya mwisho kukawa kimya. Mimi nikadhani ni kimya cha sifa. Kumbe watu walikuwa wanatafuta pa kuanzia.

Mwenyekiti wetu akasema hadithi ni nzuri, lakini haituhusu. Sisi ni Waswahili, na hayo ni mambo ya watu wa bara. Mwingine akauliza, "Dada, hivi nani kakutuma?" Wa tatu, ambaye ni rafiki yangu na huwa tunagawana sigara moja, akasema anawapa maadui silaha. Dada akajibu kwa upole kabisa: "Lakini ni bibi yangu." Hakuna aliyelijibu neno hilo. Hata sasa halijajibiwa.

Ndugu msomaji, usidhani nataka kulichafua kundi letu. Najua lilikotoka. Ukitoka kusini ukaenda Dar es Salaam, unapokelewa na utani wenye meno: watu wa kulala, watu wa ngoma, watu wa uchawi. Jina la Wamachinga, watu kamili wa mkoa wetu wa Lindi, limegeuzwa kuwa jina la kila mtu anayetembeza soksi Kariakoo. Wazee wetu wanasimulia jinsi ilivyokuwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ukijaa wakati wa masika na sisi tunabaki upande wetu kama tuko nchi nyingine. Tulipokaa vijana kumi na moja chini ya mwarobaini na kusema tutaandika sisi wenyewe habari zetu, tulikuwa na kidonda. Nami nilikuwa nacho. Kwa mara ya kwanza nilikaa mahali ambapo sikuhitaji kueleza mimi ni nani.

Ndiyo maana inauma. Manake mahali hapo hapo pamekuwa na karani mlangoni, anakagua bibi za watu.

Wenzangu wanapenda sana kusema sisi ni Washirazi. Sawa. Basi tuisome habari ya Washirazi yenyewe, maana nina hakika wengi wetu tumeishia kuisikia tu. Ile tarikhi ya Kilwa haiko moja. Kuna nakala ya Kiarabu, ambayo imehifadhiwa London, na kuna masimulizi aliyoyaandika Mreno João de Barros katika karne ya 16. Zote zinakubaliana kwamba walikuja watu kutoka Shirazi. Lakini walihama kwa nini? Hapo zinaachana kabisa. Ile ya Kiarabu inasema sultani aliota ndoto, akaona panya mwenye pua ya chuma anatafuna ukuta wa mji, akajua nchi yake itaangamia. Ile ya Barros inasema mfalme wa Shirazi alikufa akaacha watoto saba wa kiume. Mmoja wao, Ali, alidharauliwa na ndugu zake kwa kuwa wao mama yao alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Kiajemi, na yeye mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi.

Rudia kusoma hapo. Mwanzilishi wa Kilwa, yule ambaye kwa jina lake tunajivuna barazani, kwa masimulizi hayo alikuwa mtoto wa mjakazi. Alihama kwa sababu ya kicheko cha ndugu zake. Alipofika Mogadishu nako hakukaa, kwa kuwa madhehebu yake hayakuwa ya Waarabu wa kule. Akashuka na pwani mpaka hapa. Angekuja leo kwenye kikao chetu na hadithi ya mama yake mkononi, mwenyekiti angemwambia ni nzuri lakini haituhusu.

Mtu anaweza kuniambia Barros hakufika Kilwa, na kwamba Mreno, ambaye wenzake waliupiga mji huu mwaka 1505, hawezi kuaminiwa. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini angalia: ni hoja. Inajibiwa kwa hoja. Dada yule hakupewa hata hiyo. Na wale watu wa zamani walioacha tarikhi mbili zinazogombana wametushinda sisi, maana hakuna aliyeichoma moja ili nyingine ipumue.

Sasa nije kwenye ile hoja ya silaha, kwa sababu ndiyo nzito, na rafiki yangu si mjinga. Anasema hivi: habari za utumwa wa pwani ziliandikwa kwanza na wamisionari na wakoloni, nao walizitumia kama fimbo. Mwarabu kachorwa na mjeledi, Muislamu kachorwa na mnyororo, na Mzungu kachorwa anakata mnyororo. Fimbo hiyo bado inatumika. Sasa wewe mtoto wa Kivinje unaikabidhi tena kwa hiari yako?

Ni kweli tupu kwamba fimbo ipo. Lakini nani alinunua? Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, apewe watumwa 1,000 kila mwaka wapelekwe kwenye mashamba ya Wafaransa kisiwani Mauritius, ambacho siku hizo walikiita Île de France. Kwenye karatasi ile kuna mkono wa Mzungu na mkono wa Kilwa. Ukiificha kwa kuogopa aibu ya mkono wa pili, umeuficha na wa kwanza. Kila tunaponyamaza, mwenye fimbo anabaki msimuliaji peke yake, na anasimulia anavyotaka. James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyekombolewa, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Kinawasifu Waingereza kupita kiasi, na waliokipinga kwa ajili hiyo wana haki yao. Lakini baba yake alikamatwa kweli. Huwezi kumpinga mtu kwamba baba yake hakukamatwa ati kwa sababu hupendi anavyowashukuru waliomfungua.

Tena hadithi ya dada haikuwa na Mwingereza hata mmoja. Haikumtukana mtu. Yule bibi haombi kurudishwa Nyasa, anataka kwenda harusini! Anataka kuwa Mswahili kwa jirani zake kama alivyokwisha kuwa kwa Mungu wake. Hivi jamani, kuna hadithi ya Kiswahili kuliko hiyo? Shaaban Robert mwenyewe, tunayemwita baba wa fasihi yetu, wazee wake walikuwa Wayao, yaani watu walewale ambao misafara yao ndiyo ilikuwa inaingia Kivinje. Au naye tumkague?

Nasema Kivinje kwa sababu ni kwetu. Mji ule katika karne ya 19 ulikuwa bandari kubwa kuliko zote za pwani ya bara katika biashara ya watu. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alipofunga masoko ya watumwa kwa kushurutishwa na Waingereza, biashara haikufa siku hiyo. Iliendelea kwa magendo, usiku, kwa miguu. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Mwaka 1922 si zamani za Nuhu. Watu waliozaliwa wakati huo baadhi yetu tumewaona kwa macho, tumewapelekea maji ya kutawadha. Ukisema hayo ni mambo ya watu wa bara, basi nenda Kivinje ukahesabu nyumba moja moja uniambie bara inaanzia mlango upi.

Na pale pale Kivinje pana Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Tumemwandikia mashairi mangapi sisi? Mimi mwenyewe nina mawili, mabaya. Alikuwa shujaa, alimsumbua Mjerumani mpaka akachoka. Alikuwa pia mtu wa misafara, ya pembe na ya watu. Yote mawili yalimo ndani ya mtu mmoja, kama utumbo na moyo. Katika mashairi yangu nilitoa utumbo nikaacha moyo, ndiyo maana hayatembei.

Hata Majimaji, ambayo kila tukikutana na mgeni tunaitoa kama kitambulisho. Walioanza kung'oa pamba mwezi wa Julai mwaka 1905 ni Wamatumbi wa Nandete, na waliyemwendea mbio kule Kibata ni akida wa Mjerumani. Maakida wengi walitoka wapi? Pwani. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita vile akiwa upande wa watu wa mjini, waliokuwa wanawaogopa hao wapiganaji. Na Ebrahim Hussein, mtu wa pwani yetu hii ya kusini, katika Kinjeketile ya mwaka 1969 akathubutu kumwonyesha Kinjeketile mwenye mashaka na maji yake mwenyewe. Tamthilia ile ingeletwa kwetu ikiwa daftari bila jina la mtu, naapa tungemwuliza mwenyewe nani kamtuma.

Nimalizie na langu, maana nimesema ya wengine vya kutosha. Kikao kile nilinyamaza kwa sababu. Kwa upande wa baba, bibi yangu alikuwa akijisifu kwamba kwao walikuwa na "watu wa shamba". Nilipokuwa mdogo nilidhani ni vibarua. Nilijua maana yake nikiwa kidato cha tatu, nikaenda kumwuliza, akanifukuza jikoni na mwiko. Dada alipokuwa anasoma kile kipande cha barazani, niliwaona wale wanawake wanaocheka, na mmoja wao alikuwa na pua yangu. Sikuwa nalinda Uswahili. Nilikuwa nalinda pua.

Riwaya yangu, ambayo nimeitangaza kwa watu miaka minne sasa, imekwama sura ya pili, mahali ambapo mzee mmoja anaulizwa na mjukuu wake shamba lile walipataje. Nimeandika majibu sita. Yote ya uongo.

Juzi nilipanda bodaboda mpaka Kivinje kwenda kumtafuta. Nilimkuta anaanika dagaa. Hakunikaribisha ndani, wala simlaumu, tukaongea tumesimama. Nikamwambia mhariri wa jarida hili yuko tayari kumpa kurasa nne. Akaniuliza kama kundi linajua. Nikasema halijui, litajua likisoma. Akageuza dagaa wake upande wa pili, akasema ile hadithi ameiongeza, sasa bibi anafika harusini, na hajui kama mhariri atapenda kinachotokea huko. Nikamwomba anisomee. Akasema, "Wewe subiri kama wengine."