Usikatae Wito, Kataa Neno: Maoni Juu ya Kufundisha Mialiko

Katika maandalio ya mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, somo la mialiko aghalabu huchukua mistari miwili. Ubaoni huandikwa "Ndiyo, ahsante" na "Hapana, ahsante". Katika kipindi cha Kiingereza huandikwa "Yes, please" na "No, thank you". Darasa huitikia kwa pamoja mara tatu, na somo limekwisha. Maoni yangu ni kwamba somo la namna hiyo halijafundisha kukubali wala kukataa. Limefundisha maneno machache na kuiacha adabu nje ya mlango.

Jambo hili nililijua kwa aibu. Nilipokuwa mwalimu mgeni katika shule moja ya milimani, wilayani Lushoto, nilimsindikiza kwao mwanafunzi aliyeugua darasani. Ilikuwa yapata saa saba mchana, na bibi yake alikuwa akipakua ugali na maharage. Akasema, "Karibu chakula, mwalimu." Nami, kwa haraka ya kurudi kazini, nikajibu nikiwa nimesimama mlangoni, "Hapana, nimeshiba." Bibi hakusema neno, alikifunika chungu. Siku zilizofuata mjukuu wake alikuwa akiniamkia huku akitazama chini. Mwalimu mkuu alipopata habari hakunikaripia. Aliniambia tu, "Mwalimu, wahenga walisema usikatae wito, kataa neno. Wewe umevikataa vyote viwili."

Ndani ya methali hiyo mna mbinu nzima ya kufundishia. Wito ni heshima ambayo mtu amekupa. Neno ni jambo lenyewe alilokuitia. Yawezekana kuipokea heshima hata kama jambo lenyewe haliwezekani. Laiti ningaliketi kidogo na kusema, "Ahsante, bibi, nimekaribia. Watoto wananingoja darasani; siku nyingine nitakuja tule pamoja," ningalikuwa nimekataa chakula pasipo kumkataa mwenye chakula. Jibu hilo lina sehemu tatu: shukrani, udhuru na tumaini la kukutana tena. Hizo ndizo sehemu ambazo mtoto hana budi kufundishwa.

Katika milima ya Usambara mwaliko haukuwa jambo dogo tangu zamani. Katika "Habari za Wakilindi", kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, husimuliwa jinsi Mbegha, mwindaji aliyetoka ugenini, alivyogawa nyama kwa wenyeji, hata watu wa Vuga wakamwomba awe mtawala wao. Watoto wa milima hiyo leo hutoka katika nyumba zisemazo Kisambaa, Kipare au Kimbugu, na wengi wao hukizoea Kiswahili zaidi wafikapo shuleni. Kwa hiyo mwalimu na aanze kwa kuuliza, "Nyumbani kwenu, mgeni asiyeweza kula husemaje?" Majibu ya watoto ndiyo zana ya kwanza ya somo, nayo haigharimu hata senti moja.

Hatua ya pili ni Kiingereza, na hapa yafaa kuwa na tahadhari. Kwetu, mtu akikaribishwa chai akasema "Ahsante" huku akiinua kiganja, amekataa. Katika Kiingereza, "Thank you" peke yake aghalabu huchukuliwa kuwa amekubali, na kikombe kitajazwa. Mfaransa asemaye "merci" tu huweza kuwa amekataa, kama sisi. Naye Mhispania akitumia neno "invitar" kukualika mkahawani, mara nyingi maana yake ni kwamba atalipa yeye. Mwanafunzi akikariri tafsiri ya neno kwa neno ataingia katika mitego hiyo. Akijifunza nani anamwalika nani, na kwa jambo gani, ataiepuka.

Tena mwalimu mwenyewe ajifunze kusikia jibu la kukataa. Wanachuo hulalamika kwamba wazazi walialikwa mkutanoni, wakaahidi, wasije. Lakini waliahidi nini? Mzazi aliyesema, "Tutajitahidi, Mungu akipenda," huenda alikuwa anakataa kwa adabu, kwa kuwa siku hiyo ni ya gulio na mboga zake haziwezi kungoja. Mwalimu mwenye sikio angalimwuliza pale pale, "Siku ipi itawafaa?" Shule ipangayo mkutano siku ya gulio haina haki ya kuwaita wazazi wazembe.

Wapo watakaosema kwamba ninawafundisha watoto kuzungukazunguka badala ya kusema kweli. Sivyo, udhuru ninaoutaka ni wa kweli, na mtoto asiye na udhuru aweza kushukuru tu na kusema kwamba hataweza. Ila ipo hofu moja ninayoikubali kabisa. Mtoto aliyefunzwa kutokataa wito aweza kuitikia wito mwovu. Kwa sababu hiyo somo lisiishe kabla ya kuonyesha mahali methali inapokoma. Mtu asiyemjua akimwita mtoto garini, au hata amjuaye akimwita mahali pa kificho, hapo hapana shukrani wala udhuru. Mtoto aseme "Sitaki" kwa sauti kubwa, aondoke mbio, na amweleze mtu mzima anayemwamini. Wala mtu asimwadhibu kwa kukosa adabu.

Zoezi lenyewe ni jepesi, hata katika darasa la watoto 70. Wanaoketi dawati moja wafanye kazi pamoja. Mwalimu aandike ubaoni mialiko minne: mwenzako anakualika kucheza mpira, bibi wa jirani anakukaribisha chakula, mwalimu anakualika kwenye mahafali, mtu usiyemjua anakuita njiani. Mmoja aalike, mwingine ajibu, kisha wabadilishane. Mwalimu asikimbilie kusahihisha sarufi. Katika mialiko mitatu ya kwanza amwulize aliyealika, "Je, jibu hilo limekuridhisha?" Katika ule wa nne amwulize aliyejibu, "Je, umekuwa salama?" Maswali hayo mawili yatafundisha mengi kuliko kuitikia kwa pamoja.

Ama mimi, nilirudi kwa yule bibi siku ya Jumapili. Niliketi, nikanawa mikono, nikala. Hakunikumbusha habari za siku ile. Nilipoaga alisema, "Karibu tena, mwalimu." Nikajibu, "Ahsante, bibi, nimekaribia," na safari hii alicheka.